Namna Baba Alivyokufa Kwenye Filamu

Kaka Wing-hong,

Sisi huku Hong Kong wazima, na mama anauliza kama huko Toronto unakula ukashiba.

Habari kubwa ni filamu ya baba. Baada ya miaka thelathini ya kuanguka kwa niaba ya mastaa, safari hii uso wake mwenyewe utaonekana: babu anayekufa akimkinga mjukuu wake. Kuihariri nimepewa mimi.

Tulipoionyesha kwa majaribio, mwongozaji Tsang alikuwa amemtia mchekeshaji anayeteleza juu ya samaki, katikati ya pigano. Watu wakavunjika mbavu. Baba alipoporomoka kutoka ghorofani, walikuwa bado wanacheka. Naye akacheka, lakini chakula cha jioni hakukigusa.

Nikamwambia Tsang, "Bosi, umeshawaambia huu ni mchezo. Watajuaje kwamba mzee amekufa kweli?"

"We binti, watu wanapenda kucheka!"

"Basi wacheke kule mwanzoni, kwenye tukio la harusi. Hapa waache waogope."

Akanuna, akakubali. Nikamwondoa yule samaki.

Jana tukaionyesha tena. Baba alipoanguka, ukumbi ulinyamaza kimya, kisha mama mmoja akapaza sauti, "Maskini, babu wa watu!" Baba akanipiga kiwiko. "Umesikia? Wananililia!" Ndani ya tramu aliimba njia nzima.

Kaka, goti aliloumia walipopiga picha ya kule kuanguka halitapona. Daktari amemkataza kuruka tena, na hataki ujue. Njoo kwenye uzinduzi. Akianguka, lia kwa sauti, akusikie.

Mdogo wako,
Suk-yi