Herufi Ulizonitajia

Mama Kulwa wangu,

Jana mchana, jenereta ya misheni ilipowashwa, nilikaa mbele ya kompyuta nikajikuta nakusikia wewe. Labda ni joto hili la Ushirombo, mtu anasinzia huku yuko macho. Ulikuwa kushoto kwangu, kanga mabegani, mikono inanukia majani mabichi ya pamba.

Unakumbuka ule mtihani niliowatungia wanafunzi wangu wa darasa la nne? Trakoma ilikuwa imekwisha kunifunga macho, nami kwa ubishi wangu nikauchapa peke yangu kwenye taipureta ya shule. Vidole vilikuwa vimehama kitufe kimoja kwenda kulia, sikujua. Nikakuletea ukurasa, nimejaa majivuno. Ukausoma, halafu ukauliza, "Baba Kulwa, hii ni lugha gani?"

Nililia siku ile. Mwalimu mkuu alikuwa ameanza kunishauri nikapumzike nyumbani, na nilijua mapumziko yale hayana mwisho. Wewe ukavuta kigoda ukakaa.

"Andika. Nitakutajia kila unachobonyeza."

Ikawa hivyo msimu mzima. Nabonyeza, unataja. Nikikosea ulivuta pumzi kwanza, nami nikajua kabla hujasema. Kuna saa nilisahau kabisa kwamba tuko ofisini. Nilihisi tunatembea mahali penye upepo, wewe mbele, unaniita herufi kwa herufi. Kazi yangu ilipona. Lakini shambani kwetu majani yaliimeza pamba, na majirani walipokuuliza ulijibu, "Palizi langu mwaka huu liko shuleni."

Miaka ikapita hivyo, mpaka padri aliporudi kutoka likizo kwao na kompyuta inayotamka kila kitufe kinapobonyezwa. Ulinishika mkono tukaenda kuisikia. Nikabonyeza A, ikasema "ei." E ikaiita "ii", na I ikaiita "ai". Ulicheka hadi ukaegemea ukuta.

"Mwangaluka!" ukaiamkia kwa Kisukuma, kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha ukasema polepole, "Huyu kusoma hajui. Ila hachoki."

Neno hilo lilinikaa. Kumbe wewe ulikuwa unachoka, na hukuwahi kuniambia.

Ukaniomba nikupishe. Nikasikia kidole chako kikitafuta, na ile sauti ya kigeni ikataja: sii, eich, ei, ai. Nikazirudia moyoni mpaka zikakaa sawa.

"Chai!" nikasema.

"Basi twende nyumbani, inapoa."

Kesho yake ulibeba jembe ukaenda shamba, na kwa mbali nilikusikia ukiimba. Nilibaki na mgeni wetu. Nilifurahi, tena nikawa mpweke. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani bila kugombana. Mwaka ule ulivuna pamba nyeupe, ukanishikisha kitumba kimoja, ukasema nikisikie kwa vidole.

Sasa ni mvua ya pili tangu tulipokuzika. Barua hii naichapa mwenyewe, na kila herufi inatamkwa na yule asiyechoka. Nimemzoea. Ila hakuna anayevuta pumzi ninapokosea, kwa hiyo mara nyingine nabonyeza vibaya makusudi, nasikiliza.

Leo asubuhi kaja mama mmoja na binti yake. Mtoto kapoteza macho kwa surua, na padri kaomba nimfundishe. Nilimwekea vidole mahali pake, akabonyeza, mashine ikatamka, akashtuka, kisha akacheka. Nikamwambia mama yake, "Nenda tu, mama, mvua zimeanza, una shamba. Hii itamtajia yote."



"Najua, Mwalimu," akasema. "Lakini nitakaa."

Nikainuka, nikapapasa mpaka nikapata kiti, nikamsogezea karibu na mwanawe.

Lala vizuri, mke wangu. Asante, wabeja sana.

Mumeo,
Baba Kulwa