Dozi ya Mama Ilikuwa Kosa Langu

Tampere, Ufini

Dada yangu Kendi,

Hujambo wewe na watoto? Baba ameanza kula? Mimi mwili ni mzima ila moyo umevunjika. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu ningelia tu.

Baba alinipigia Jumapili baada ya kanisa. "Mwenda, hii simu ya mamako bado inaingia message yako kila asubuhi. 'Mama, jidunge yuniti ishirini.' Si uizime? Inaniumiza."

"Ishirini, Baba? Una uhakika?"

"Nimevaa miwani. Ni ishirini."

Daktari alikuwa ameshusha insulini ya Mama hadi kumi na mbili, nawe ukaingiza namba hiyo kwa simu yako, kwenye programu ya kumkumbusha, vile nilivyokufundisha. Ulisema hivyo mbele ya watu wote siku ya mazishi. Shangazi akakuambia unatafuta pa kujificha. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa simu na nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilidhani ulisahau.

Basi nikafungua ile programu niliyomwandikia. Katika lugha ya kompyuta ninayotumia kazini, jina ukishalipatia thamani, haibadiliki tena mpaka mwisho. Ndiyo maana naipenda, hakuna kinachogeuka ukiangalia kando. Kitu cha kubadilika unakiweka kwenye kisanduku, na kila unapokihitaji lazima ufungue upya uone kilichomo leo. Mimi nilifungua mara moja tu, siku ya kwanza, nikatoa ishirini na kuipa jina "dozi". Wewe ulibadilisha kilichomo kisandukuni. Kumi na mbili yako imo mle hadi sasa, nimeiona. Ila ujumbe wa asubuhi ulikuwa ukisoma jina, lililobaki na ishirini yake. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na hapa nalipwa kusahihisha ya wengine. Nilibadilisha mstari mmoja, ikaandika kumi na mbili, nikalaza kichwa mezani nikalia.

Najua ulimwambia Mama kwa mdomo pia. Lakini alijivuna kanisani kwamba mwanawe anamkumbusha dawa kutoka Ulaya. Kati ya neno lako na message yangu, aliamini yangu, akajidunga ishirini hadi sukari ikashuka kupita kiasi.

Msomee Baba barua hii, Shangazi akiwepo, na usiruke mahali. Nisalimie mumeo, na mama jirani aliyemkimbiza Mama hospitalini.

Nimeomba likizo, nakuja. Shangazi akikataa kunipa mkono, usinitetee. Wewe hakuna aliyekutetea.

Ndugu yako,
Mwenda