Sahani Ulizomtumia Mama

Baba Moraa,

Pokea salamu za baridi ya Nyaramba. Mvua imetufungia jikoni kwa mama yako. Zile sahani ulizomtumia, tayari ananyweshea kuku! Ugali wa wimbi tumeulia kwenye ekee, kile kikapu chenu, ukakaa moto mpaka tonge la mwisho. Aliyekisuka ni jirani, mke wa mchuma chai aliyehamia hapa kutoka Maragoli. Nikamwambia Mama unavyohofia kwamba wageni watamaliza mila zenu. Akacheka: “Huyu alikuja, akaomba nimfundishe. Ninyi mliondoka.”

Tafadhali usinunue sahani nyingine. Mkumbatie Moraa kwa niaba yangu huko Mombasa, na Desemba uje naye. Mama ameshamwekea mabua ya wimbi ya kusukia ekee darini.

Mkeo akupendaye,
Mama Moraa