Mafuta ya Cherehani kwenye Pete za Darubini

Biryogo, Kigali
Jumapili, 9 Septemba 1979

Kwa kaka yangu Maneno, Buyenzi, Bujumbura

Assalaam alaikum. Kikohozi cha shemeji kimepoa, au bado kinamwamsha alfajiri? Huku nyumbani hakuna mgonjwa. Mke wangu Uwimana anakushukuru kwa kanga. Aliivaa siku ya Idd na majirani wakaisifu.

Kazi ni ile ile. Natengeneza cherehani, na mara moja moja bunduki za wawindaji wenye kibali, kwa sababu watu wanajua nilifundishwa na wewe. Ramadhani ilipobaki siku nne, Bwana Gasana, mfanyabiashara wa Remera, aliniletea bunduki yake ya kuwindia, darubini mpya, na pete mbili za kuishikilia juu ya mtutu. Aliitaka jioni ile ile, maana alfajiri alikuwa anakwenda Mutara kuwinda nyati.

Siku hizo unazijua. Washonaji walikuwa wamejipanga mlangoni na mashine zao, kila mmoja ana kanzu za Idd zinazomngoja. Nilifunga nusu za chini za pete, nikalaza ndani yake kile chuma cha mviringo ulichoniachia, nikakisugua mbele na nyuma kwa unga wa msasa na mafuta mpaka weusi wa ndani ya pete ukatoka sawasawa. Mzee Nsengiyumva, mshona kanzu, akauliza kwa sauti kama namsugulia bibi harusi bangili, na kama mwezi utaandama kabla sijamaliza. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikalaza darubini, nikanyoosha msalaba wa kulengea ulio ndani yake, nikakaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo. Gasana akaondoka nayo kabla ya futari.

Alirudi siku ya tatu ya Idd. Alisema risasi mbili za kujaribia zilipiga alipolenga, lakini ya tatu, aliyompigia nyati, ilishuka tumboni. Nyati akaingia kichakani na damu yake. Bizimana, mfuata nyayo wake wa miaka kumi na mmoja, akatangulia, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Nyati akamvunja nyonga. Gasana alitaka nimjibu jambo moja tu: je, bunduki iliangushwa? Bizimana ndiye aliyeibeba kutoka kwenye gari.

Nilimwomba aniachie. Aliporudi saa kumi nilimwambia ndiyo, inaonekana iliangushwa. Akamfukuza kazi Bizimana akiwa bado kwenye kitanda cha hospitali.

Jumanne alikuja Mukeshimana, mke wa Bizimana. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasema mumewe anaapa kwamba aliibeba kifuani kama mtoto mchanga, na kwamba wagonjwa wenzake wamempa jina la Mikono ya Siagi. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye fundi, bunduki ikianguka huumia wapi, ili akaombe kuitazama mwenyewe. Nilimwambia wakati mwingine haionyeshi alama. Akanishukuru, akaenda zake.

Kaka, haikuangushwa. Ulinionya mara nyingi: ukimaliza kusugua, osha pete na darubini kwa petroli, zikauke kabisa, ndipo ukaze. Mimi nilizifuta kwa kitambaa tu. Kisha nikazitia tone la mafuta, kwa mkono uliokuwa umetia mafuta mashine kumi na nne tangu asubuhi. Cherehani inataka hivyo, darubini haitaki. Kila teke la bunduki liliisogeza mbele, na unga uliobaki ukachora mstari kwenye bomba lake, urefu wa punje ya mchele. Niliuona mstari huo kabla Gasana hajarudi saa kumi. Niliosha kila kitu, nikafunga pete juu yake usionekane, nikamngoja nikiwa na akili timamu, nikamdanganya.

Naona haya kuandika jina lako juu ya karatasi hii. Gasana alinipa bunduki kwa sababu ya jina hilo.

Alhamisi nilifika kwenye lango lake Remera. Nilimsikia akiongea uani. Nikarudi.

Kwa hiyo barua hii siifungi. Kesho nitampelekea aisome kabla yako, pamoja na bisibisi yangu, alegeze pete auone mstari kwa macho yake. Nitamwomba aandike jina lake chini. Posta nitaitia kwa vyovyote. Ukiipata bila jina lake, ujue mdogo wako ameishia tena langoni.

Msalimie shemeji na watoto wote, na wazee wa msikiti wa Buyenzi wanaonikumbuka. Dawa ya kikohozi nitampa dereva yeyote anayekuja huko.

Mdogo wako,
Saidi Ndayisaba

Nimeisoma. Bizimana naye amesomewa.
Gasana, 10/9/1979