Sabini Elfu na Moja

Mke mwenzangu Saumu,

Anayeandika ni mamako. Mimi na kalamu hatujuani, wajua. Nimemkataza kulia juu ya karatasi.

Tangu tukuzike sijalia. Watu wasema nyanyako ana subira. Subira gani? Ni ganzi. Nala, naoga, nateka maji, basi.

Siku ya tatu tulikusomea kalima sabini elfu, kama tunavyowasomea maiti wetu. Tulikaa wanawake kumi, kila mmoja elfu saba, na kwa kila mia kokwa moja ya ukwaju. Kinywa changu hakikufunguka. Wale tisa wakaamua kugawana fungu langu. Jirani yetu Mwanaidi akawa atafuta simu apige hesabu, nami nikamwambia kabla hajaiona: zitabaki saba. Wakanitazama.

Wewe ndiwe uliyenifunza, likizo ile uliporudi kutoka shule uliyofundisha kule Marafa, tukichambua kunde. Ukigawa kwa tisa, zijumlishe namba zenyewe; elfu saba ni saba na sifuri tatu, basi saba ndizo zibakizo. Nikakubishia. Nikamimina kunde mkekani, nikafanya mafungu tisa hata mgongo ukanikatika, nawe wacheka tu. Nilikasirika sana siku ile. Ulisema kweli.

Mwanaidi akataka kila mmoja aongeze moja, yaishe, Mwenyezi Mungu hana mizani ya duka. Nikamwambia, "Mjukuu wangu hakadiriwi. Saba hizo ni zangu." Wakaniachia.

Sikuzisoma. Mwezi mzima nimekaa nazo. Kila mtu ajua hesabu yako imetimia, ila mimi, na aliyeizuia ni mimi huyu. Nilijiambia nikizimaliza, nitakufanyia nini tena?

Jana adhuhuri, naosha mchele, ulimi ukaanza wenyewe. Nikakunja vidole. Moja, mbili, hata saba. Sikuhisi kitu. Na ulimi haukusimama. Ukatoa ya nane.

Nikaogopa. Nikasema nimemharibia mtoto hesabu yake. Leo asubuhi alikuja Kadzo, mwalimu mwenzako, kututazama, nikamwuliza sabini elfu na moja yagawanywaje. Akakaa na karatasi hata chai ikapoa, akafuta, akaandika, akafuta tena. Akasema, "Haigawanyiki, Bibi." Si kwa wawili, si kwa tisa, si kwa kumi na tatu. Kaa na watu wowote uwatakao, mafungu hayalingani, labda kila mtu achukue moja tu, au mtu mmoja azibebe zote.

Basi zibebe zote. Sitaongeza wala sitapunguza, na hapana wa kudai fungu kwako.

Mamako hajala tangu jana. Akishaandika haya, namnyang'anya kalamu. Nakuahidi atakula, hata kama nitamlisha kwa mkono wangu. Wewe nenda, mke mwenzangu. Nenda umetimia.

Nyanyako