Mguu wa Shemeji Kavumbi

Majengo, Mombasa
8 Aprili 1944

Kwa mdogo wangu Kadenge, katekista,

Salamu zikufikie huko Kizurini, wewe na mkeo na dada yetu Kache. Mimi mzima, ila magoti yananung'unika kwa kuwachotea maji matajiri wa Mji wa Kale.

Sasa cheka. Alhamisi Kuu padri alitafuta maskini kumi na wawili awaoshe miguu, nami nikafaulu bila kusoma. Wenzangu walikuwa wameshaisugua miguu kwa jiwe nyumbani, wasimwaibishe padri. Mimi nilikwenda na vumbi langu, apate kazi.

Jirani yangu kwenye benchi alitoa mguu mmoja tu. Padri akasema, "Na wa pili, mzee." Akajibu, "Wa pili nimeuacha nyumbani, Baba." Nikaangua kicheko mle kanisani. Kisha harufu ikanifikia, nikamtazama usoni. Ni Kavumbi! Yule yule aliyemwoa Kache.

Mguu aliouficha chini ya benchi ulipondwa na mzigo bandarini, umeoza, una mabuu. Hospitali walitaka kuukata, akatoroka. Mwenye nyumba kamtoa nje. Nimemlaza kwangu. Anataka jambo moja tu kabla ya kufa, akuombe radhi. Njoo.

Kaka yako,
Kaingu

Kizurini
21 Aprili 1944

Kaka yangu Kaingu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo, mvua imeanza. Pole kwa magoti.

Wewe unaweza kucheka. Mimi ndiye niliyemfunga Kache vijiti siku Kavumbi alipomvunja mkono kwa mchi. Nakaa naye hapa, na kila asubuhi namwona akifunga kanga kwa meno, maana mkono ule haukunyooka tena.

Jumapili nilihubiri kwamba tujishushe tuwatumikie maskini kama Bwana alivyojishusha. Watu walilia. Nikarudi nyumbani nikaomba mguu ule umle mpaka kiunoni. Ndivyo nilivyo, kaka. Siji. Na Kache sijamwambia.

Mdogo wako,
Kadenge

Majengo
3 Mei 1944

Mdogo wangu,

Hujambo, mhubiri? Watoto hawajambo? Sala yako nimeipenda, ni ya kwanza kwako isiyotoka kitabuni. Nayo inajibiwa, kuoza kumefika gotini.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Namwosha kwa maji ya chumvi huku namtukana. "Shemeji," namwambia, "kipi kizito, mchi au mguu huu?" Yeye analia, mimi naosha, maana nikiacha chumba hakilaliki. Bi Mwanaesha, mama wa Kiislamu ninayempelekea maji, hunipa ubani nifukize. Hajauliza hata mgonjwa ni wa dini gani.

Kila mtu akipiga hodi, Kavumbi anauliza, "Ni Kadenge?" Njoo basi umtukane wewe pia. Hata hilo litamtosha. Siku zenyewe si nyingi.

Kaka yako,
Kaingu

Majengo
24 Mei 1944

Mdogo wangu Kadenge,

Salamu. Hukujibu, nadhani u mzima. Kavumbi tumemzika juzi, mimi na wachota maji wenzangu.

Siku ya mwisho homa ilimfumba macho. Akauliza tena, "Ni Kadenge?" Unajua naweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Ya kwako ya kanisani nimewachekeshea watu wengi tunapokunywa tembo, niwie radhi. Nikatoka nje, nikapiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe, nikakohoa kama wewe. "Shemeji, ni mimi, Kadenge." Nikapiga magoti nikamwosha. Akaomba radhi, nikamsamehe kwa jina lako. Akanishika, akasema, "Mbona mikono yako migumu kama ya Kaingu?" Sijui kama alinijua. Hakusema tena.

Basi umeshamsamehe. Kama hutaki, njoo kaburini umwambie mwenyewe kuwa alidanganywa. Mimi simwambii.

Kaka yako,
Kaingu

Kizurini
6 Juni 1944

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Tu wazima.

Nilikasirika mno, kisha hasira ikaniishia, sijui ilikokwenda. Pengine siku moja nitakushukuru. Si leo.

Nimemsomea Kache barua zako zote. Alikuwa anachambua kunde, hakulia. Akaniambia nirudie pale Kavumbi alipoomba radhi, nikarudia. Akauliza, "Mimi alinitaja?"

Nimeipekua barua mbele na nyuma. Kaka, alimtaja? Kunde ameziacha, anangoja jibu lako.

Mdogo wako,
Kadenge

Majengo
15 Juni 1944

Kwa dada yangu Kache, Kadenge akusomee bila kuruka neno,

Salamu, dada. Mkono unakuumaje siku hizi za baridi? Miaka yote hii sijakuuliza.

Jibu lilinijia upesi, na lilikuwa "ndiyo". Sauti ya Kavumbi naiweza pia, nikakuandikia maneno matamu upate kulala. Nimeichana karatasi hiyo.

Hakukutaja. Wewe uliyevunjwa hakukutaja. Aliomba radhi kwa ndugu yako, na mimi nikampa, tena haraka, kama kwamba nilikuwa nagawa changu. Halikunipitia akilini kwamba hakikuwa changu wala cha Kadenge.

Nakuja Kizurini na lori la Jumatatu. Ukinifungia mlango, nitakaa nje.

Kaka yako,
Kaingu