Betri Niliyoikausha

Jumanne, Homa Bay

Huu ubahili wangu siku moja utaua mtu.

Kituo cha sokoni hubadilisha betri ya pikipiki ya umeme kwa bei moja, hata ukiirudisha na nusu ya chaji. Kile cha stendi hulipisha chaji uliyotumia tu, lakini chaji yenyewe huwa ghali zaidi. Nikachagua sokoni, na sirudishi betri mpaka ikauke kabisa. Niwaachie chaji niliyolipia?

Leo imekauka mlimani, nimebeba mama na mtoto mwenye homa kali.

"Si ungebadilisha mapema, nyathina, mwanangu?" aliniuliza, bila hasira.

Akanilipa nauli yote, akamfunga mtoto mgongoni, akaelekea hospitali kwa miguu.

Sijui kama walifika. Pesa yake sijaigusa.